Mshipa wa damu si bomba: chips, neva na beseni la barafu

Mwalimu wa Zamu · Jumapili, saa 3:10 usiku

Wadau, uzi huu ni mrefu, mwenye chai aivute karibu.

Nafundisha fiziolojia katika chuo kimoja cha utabibu hapa Nairobi. Mdogo wangu ana kibanda cha chips Umoja, na lile kabati la kioo lenye balbu ya njano mnalolijua. Majuzi tulikuwa kwangu tukibishana habari ya mafuta, akaniambia: "Mafuta huziba mishipa polepole kama sinki. Mimi nina miaka 29, sinki yangu bado mpya. Niache nile."

Sikumlaumu. Hata kliniki ndivyo tunavyowaeleza watu, maana sinki kila mtu anaijua. Lakini kuziba huchukua miaka mingi, na kuna jambo jingine linalotokea alasiri ileile uliyokula, ambalo halihusu kuziba hata kidogo. Linahusu neva.

Tukawekeana dau. Jumapili iliyopita alikuja asubuhi hajatia kitu tumboni. Nikamkalisha dakika kumi, simu nikamnyang'anya, nikampima presha: 118/74. Kisha nikamtumbukiza mkono hadi juu ya kifundo cha mkono kwenye beseni la maji ya barafu (barafu nilinunua kwa muuza samaki, nyumba ikanuka mpaka jioni). Dakika moja tu. Alinitukania ukoo wetu sote. Presha ikapanda hadi 131/82. Hapo hakuna ajabu: baridi kali huamsha neva, neva hukaza mishipa, presha hupanda. Ni jaribio la zamani na bado linatumika.

Akala sahani ya chips na soseji mbili, bidhaa zake mwenyewe alizobeba kutoka kibandani. Tukakaa saa mbili na nusu tukitazama mpira. Presha ya kukaa tu ilikuwa 121/75, karibu ileile. Mkono ukarudi kwenye barafu: 146/90.

Leo tumerudia kwa ugali, maharagwe ya kuchemsha na sukuma isiyotiwa mafuta, chumvi nikijitahidi kuilinganisha. Baada ya saa mbili na nusu, mkono kwenye barafu: 132/82.

Najua. Mtu mmoja, beseni moja, mpimaji ni dada yake mwenye dau. Mwanafunzi akiniletea hiyo kama utafiti nampa sufuri. Ila mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walifanya jambo la aina hiyo kwa utaratibu unaoeleweka. Walichukua vijana 30 wenye afya, wakalinganisha kiamsha kinywa chenye mafuta mengi na kile chenye mafuta kidogo sana, chumvi ikasawazishwa. Kisha wakawatesa kidogo: hesabu za kichwa, kuhutubia, mkono kwenye maji ya barafu. Baada ya mlo wa mafuta, presha iliruka juu zaidi.

Sasa niambieni, chips za saa mbili na nusu zimeziba nini?

---

Konda wa Thika Road · saa 3:42 usiku

Mwalimu, sitanii. Mimi hula chips saa saba pale steji. Saa kumi na moja niko Roysambu kwenye msongamano, abiria amenipa hamsini anadai alinipa mia. Masikio yanawaka, moyo unagonga kama spika. Unataka kuniambia ni soseji?

---

Mwalimu wa Zamu · saa 4:20 usiku

Konda, abiria ndiye anayeanza. Neva zako zingepiga kelele hata ungekuwa umekula malenge. Swali ni jinsi kelele hizo zinavyosikika zikifika mshipani.

Chukua ateri ndogo, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Ukutani mwake kuna misuli laini iliyoizunguka kama pete. Kwa nje, neva za simpathetiki zimeitambaa kama mpasheni kwenye waya wa ua. Neva hizi hazina ncha moja ya kumalizia. Zina vifundo vifundo kama shanga, na kila kifundo kimejaa vifuko vya noradrenalini, kemikali inayobeba amri ya neva. Amri ikishuka kutoka kwenye shina la ubongo kupitia uti wa mgongo, vifuko humwaga, noradrenalini huvuka upenyo mdogo na kushika vipokezi vya alfa kwenye misuli, kalsiamu inaongezeka ndani ya seli, pete inakaza. Ateri ndogo nyingi zikikaza kwa pamoja, presha inapanda.

Na amri hii haikatiki. Hata sasa ukiwa umelala chali unasoma, zinapiga polepole, ndiyo maana ukiamka ghafla kwenda msalani hudondoki. Mwaka 1851 Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya shingo ya sungura upande mmoja tu. Sikio la upande huo likawa jekundu na moto. Hakuongeza chochote, aliondoa amri, mishipa ikalegea, damu ikajaa.

Kwa ndani mshipa una bitana, safu moja tu ya seli inayogusana na damu. Zamani watu waliidhania ni kama rangi ya ukuta. Robert Furchgott, Mmarekani, alikuwa akifanya kazi na vipande vya ateri ya sungura ambavyo leo vinalegea, kesho vinakaza, kwa dawa ileile. Akaja kugundua kwamba vile vilivyokataa kulegea vilikuwa vimekwanguliwa bitana wakati wa kutayarishwa. Alichapisha mwaka 1980. Bitana, kumbe, hutoa kitu kinachouambia msuli ulegee, na kitu hicho ni gesi: oksidi ya nitriki. Mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo msuli umekaa katikati. Nje neva inasema kaza, ndani bitana inasema legea.

Chips zinaingia hapo. Mafuta hayakimbilii damu kama sukari. Utumbo unayafunga kwenye vifurushi, yanapita mirija ya limfu, na yanafika kilele kwenye damu saa tatu au nne baada ya kula. Vifurushi vikifunguliwa, asidi za mafuta zinamwagika palepale mbele ya bitana, na bitana ikielemewa huzalisha kemikali kali zinazoila oksidi ya nitriki kabla haijaufikia msuli. Sauti ya ndani inafifia. Ya nje haikuongezwa, imebaki ikisema peke yake.

Hili limepimwa. Mwaka 1997 kule Baltimore, Robert Vogel na wenzake walichukua watu 10 wenye afya, wakawapa mlo wenye gramu 50 za mafuta, siku nyingine mlo usio na mafuta. Walifunga mkanda wa presha mkononi dakika tano, wakaufungua, wakatazama kwa ultrasaundi ateri inavyopanuka damu inaporudi kwa kishindo. Baada ya mlo wa mafuta upanuzi ulipungua kwa saa kadhaa. Baada ya ule mwingine haukubadilika.

Sauti ya nje nayo ina lake. Watafiti waliowatilia watu mafuta kwa dripu, asidi za mafuta zikapanda kwenye damu, waliona mishipa ikijibu kwa nguvu zaidi dawa inayoiga noradrenalini. Amri ileile, sikio limekuwa kali.

Hiyo 146 ya mdogo wangu naamini ilitoka hapo, na wewe Konda, hamsini ya Roysambu inakukuta hivyo hivyo.

---

Nesi Zamu ya Usiku · saa 5:05 usiku

Mwalimu, umeeleza vizuri ila usiache watu wadhani kila mshipa una neva za kuukaza. Kapilari, ile mishipa midogo kabisa, hazina hata misuli. Ubongo na moyo nao vina utaratibu wao, hufuata zaidi mahitaji ya tishu zenyewe. Neva zikikaza ngozi, utumbo na figo, ubongo haunyimwi mgao.

La pili, nawaomba jamani: asitokee mtu akamtumbukiza mzee wake mwenye presha au ugonjwa wa moyo kwenye barafu eti anajaribu. Niko zamu wiki nzima, sitaki kuwapokea.

---

Mwalimu wa Zamu · saa 5:11 usiku

Nesi, nakubali yote mawili. Beseni ni la vijana wazima tu, tena nyumbani mwa mtu anayejua kupima.

---

DawaAsili Mjini · saa 5:30 usiku

Poleni wote mnaohangaika. Nina chai ya mitishamba inayeyusha mafuta kwenye mishipa ndani ya siku saba. Nitafuteni pembeni.

---

Nesi Zamu ya Usiku · saa 5:33 usiku

Kaka, tumetoka kusomeshwa ukurasa mzima kwamba si sinki, wewe unatuuzia dawa ya sinki.

---

Shosho wa Kayole · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mwanangu Mwalimu, nimesomewa na mjukuu. Mama yangu alikula samli na nyama ya mbuzi yenye mafuta, akafika miaka tisini na ushee, alikuwa anatembea hadi sokoni kwa miguu. Nyinyi wa siku hizi mna neva nyingi mno.

---

Mwalimu wa Zamu · saa 1:50 asubuhi

Shosho, shikamoo. Utani wako umenianzishia siku vizuri.

Mama yako naamini alikula samli kijiko, tena siku zenye samli. Na hiyo safari ya sokoni kwa miguu ndiyo ningeiuliza zaidi, kwa sababu misuli ya miguu ikifanya kazi, bitana inasuguliwa na damu inayokwenda mbio na kutoa oksidi ya nitriki kwa wingi. Lakini Shosho, kuna jambo moja la adabu ngumu: wenzake waliokula kama yeye wakaanguka na miaka hamsini na tano, hawapo tuwaulize.

Kuna mahali waliuliza mkoa mzima. Karelia ya Kaskazini, Finland, wanaume walikuwa wakifa kwa moyo katika umri wa kufanya kazi, na chakula chao kilikuwa siagi, maziwa ya mafuta na nyama. Mwaka 1972 wakaanzisha mradi, Pekka Puska akiuongoza, wa kubadili lishe, kupunguza sigara na kudhibiti presha. Vifo hivyo vilishuka sana katika miongo iliyofuata. Huwezi kusema ni mafuta peke yake, walibadili mengi. Ila wenyewe walifanya pia jaribio dogo lililochapishwa mwaka 1983: familia zikapunguziwa mafuta ya wanyama na kuongezewa ya mimea yasiyoganda, presha ikashuka, zikarudishwa kwenye chakula cha zamani, presha ikapanda tena. Sinki haizibi na kuzibuka kwa wiki chache namna hiyo.

---

Mpwani Ugenini · saa 2:40 asubuhi

Salaam aleikum. Mimi mtu wa Kisauni naishi South B. Swali langu moja na msinichokoze: nazi?

---

Mwalimu wa Zamu · saa 2:58 asubuhi

Waaleikum salaam. Nilijua utakuja.

Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya yale yanayoganda, kupita hata siagi. Hilo halina njia ya mkato. Lakini tui la samaki wa kupaka ni mafuta kidogo ndani ya maji mengi, na yamekuja na samaki. Mtu anayechota mafuta ya nazi ya chupa asubuhi kwa kijiko eti ni dawa, huyo ndiye mwenye kesi. Wewe endelea na samaki wako, punguza tui la kwanza.

---

Mpwani Ugenini · saa 3:01 asubuhi

Tui la kwanza ndilo tui, Mwalimu. Lakini sawa.

---

Mwenye Karai Umoja · saa 4:30 asubuhi

Mimi ndiye wa beseni. Naona natukanwa kimyakimya, acha niseme.

Dada yangu anajua neva, mimi najua karai. Nanunua mafuta ya saladi, mtungi wa lita ishirini. Ni mawese hayo, yanatoka Malaysia na Indonesia, hata kama kibandiko kina picha ya alizeti. Nitakuambia utakavyojua: Julai asubuhi na mapema, baridi ya Nairobi ikikolea, mtungi unaota ukungu mweupe chini kama uji uliolala. Alizeti haifanyi hivyo.

Siku ya kwanza mafuta yana rangi ya dhahabu na chips zinatoka kavu. Siku ya pili yanageuka rangi ya chai ya rangi. Siku ya tatu ukitumbukiza viazi povu linapanda halishuki, dogodogo kama la sabuni, na moshi unaanza mapema. Nikifika hapo nachuja kwa kitambaa naongeza mapya juu. Naam, nimesema. Vibanda vyote mnavyokula vinafanya hivyo, tofauti ni nani anakuambia. Nikimwaga kila jioni sahani itakuwa mia tatu, na mteja wangu ana mia.

---

Mwalimu wa Zamu · saa 7:05 mchana

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu vitabu vyangu havina povu.

Anachokiona ni kweli. Mafuta yakichemshwa tena na tena yanashika oksijeni, yanavunjika na kuungana upya kuwa vitu vizitovizito. Rangi, povu na moshi wa mapema ni dalili zake. Nchi kadhaa za Ulaya huyahesabu mafuta kuwa mabovu yakifikisha robo ya vitu hivyo, yaani karibu asilimia 25. Na mafuta yaliyoshika oksijeni yanaitia bitana shida ileile niliyoeleza, ila yamekuja na moto wao tayari.

Sasa aina ya mafuta. Mawese, karibu nusu yake ni yanayoganda. Saladi ya mtungi imechujwa sehemu ngumu, ndiyo maana inamiminika, lakini bado ni mbali na alizeti au parachichi. Mabaya kuliko yote ni yale ya transi, mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni. Hayo yanapandisha lehemu (kolesteroli) mbaya na kushusha ile nzuri kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe duniani kote, kiwango kisizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Ukiona kibandiko kimeandikwa kuwa mafuta "yamegandishwa kwa sehemu", rudisha rafuni.

Kwa mwenye karai: moto uwe nyuzi 170 hadi 180, viazi vikaushwe kabla, makombo yachujwe kila baada ya awamu. Mafuta yasipokuwa moto wa kutosha viazi vinayanywa. Na ukifika kwenye povu lisiloshuka, mwaga. Siyo kuongeza juu. Nitakulipia mtungi mmoja kwa mwezi kama ndiyo bei ya amani nyumbani.

---

Mwenye Karai Umoja · saa 7:09 mchana

Wadau nyinyi ni mashahidi. Mtungi mmoja kwa mwezi.

---

Msomi Mwaka wa Tatu · saa 11:20 jioni

Mwalimu naomba niongeze, tumetoka kulisoma hili. Yote mliyosema ni ya mshipani. Kuna la juu, kwenye amri yenyewe.

Wasweden wa Uppsala, Hagbarth na Vallbo, katika miaka ya 1960 walibuni njia ya kuchoma sindano nyembamba sana hadi ndani ya neva ya mtu aliye macho. Kwa neva za mishipa ya damu hupenda kutumia ile inayopita karibu na goti. Ukiunganisha na spika unasikia amri zenyewe zikishuka kwa vishindo, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Ukihesabu vishindo kwa dakika, watu wenye unene wa kupindukia, hasa wa tumbo, wana vingi zaidi kuliko wembamba, hata wakiwa wamepumzika.

Sababu mojawapo inayotajwa ni leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta, iliyogunduliwa mwaka 1994. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba ghala limejaa. Wanene wengi ubongo wao hauisikii tena kwenye njaa, lakini upande wa kuamsha neva, hasa zinazokwenda figoni, unaonekana bado unaisikia. Neva za figo zikiamka, figo inashikilia chumvi na maji.

---

Konda wa Thika Road · saa 11:48 jioni

Kwa hivyo kitambi kinampigia ubongo simu, ubongo hausikii neno "shiba" lakini unasikia neno "kaza"?

---

Msomi Mwaka wa Tatu · saa 11:52 jioni

Konda, nitaandika hivyo kwenye mtihani.

---

Kijana wa Pipeline · saa 4:15 usiku

Naomba nisichekwe. Nina miaka 34, nakula kibandani kila siku kwa ajili ya kazi, na mambo ya chumbani yamelegea mwaka huu. Mnasema mafuta hukaza mishipa. Mimi tatizo langu ni kinyume.

---

Nesi Zamu ya Usiku · saa 4:31 usiku

Hakuna wa kukucheka hapa, mdogo wangu. Acha Mwalimu akueleze, lakini kwanza nenda kapimwe presha, sukari na lehemu. Mara nyingi huko ndiko mishipa inakotoa ishara ya mapema, kwa sababu ateri zake ni nyembamba. Na usinunue vidonge vya River Road.

---

Mwalimu wa Zamu · saa 4:55 usiku

Kijana, si kinyume, ni jambo lilelile.

Nilisema neva hukaza. Mishipa mingi mwilini hulegea kwa amri kupungua tu. Lakini sehemu hiyo unayoisema ina neva za pekee za kulegeza, na neva hizo zenyewe hutoa oksidi ya nitriki moja kwa moja kwenye misuli, bitana ikisaidia. Ateri zikilegea damu inajaa, ndipo kazi inafanyika. Oksidi ya nitriki ikiliwa na zile kemikali kali njiani, ateri hazilegei vya kutosha na damu haijai. Vile vidonge maarufu havileti hamu. Vinazuia kuvunjwa kwa ujumbe wa oksidi ya nitriki ndani ya msuli. Kama ujumbe wenyewe haukutumwa, hakuna cha kulinda. Na ukiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kuvichanganya kunaweza kukuua. Nenda kliniki kama Nesi alivyosema. Chips si sababu pekee, kuna usingizi, mawazo, sigara, sukari.

---

Mpwani Ugenini · Jumanne, saa 2:10 asubuhi

Basi tuambieni cha kula, maana mmefunga milango yote. Omena? Mafuta ya samaki ya vidonge? Pilipili? Bibi alisema pilipili huichangamsha damu.

---

Mwalimu wa Zamu · saa 7:30 mchana

Bibi yako alikuwa karibu sana na ukweli. Kwenye ukuta wa mshipa kuna neva za tatu, zile za hisia, na zikisisimuliwa hutoa kitu kinacholegeza mshipa kwa nguvu. Pilipili inazisisimua kwa kufungua mlango ule ule unaohisi joto kali. David Julius aliyeugundua mlango huo alikuwa mmoja wa waliopata Nobel ya mwaka 2021. Ndiyo maana uso unakuwa mwekundu. Na sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mafuta yanaponishangaza: mwaka 1999 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba anandamaidi, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza kutokana na asidi moja ya mafuta, kinafungua mlango huohuo na kuilegeza ateri. Kwa hiyo mafuta si mzigo unaobebwa na damu tu. Mengine ni maneno ambayo mshipa na neva vinasemeshana.

Omena ndiyo, naiunga mkono. Mafuta ya samaki, yale ya omega-3, yakiliwa kwa wiki kadhaa yanaingia kwenye utando wa seli, wa neva, wa misuli na wa bitana. Mwaka 1993 kule Australia walionyesha kwamba watu waliopewa mafuta ya samaki, ateri ndogo za mkono wao zilikaza kwa nguvu ndogo kuliko awali zilipopewa kemikali za kukaza, noradrenalini ikiwemo. Utando umebadilishwa vifaa, amri imefika imepoa. Presha hushuka pia, lakini kidogo: alama mbili, tatu, zaidi kwa mwenye presha ya juu. Vidonge sivipigii debe. Jaribio kubwa la Marekani lililotoa matokeo mwaka 2018, lenye watu zaidi ya 25,000, halikuona vidonge vikipunguza kwa uhakika mashambulio ya moyo na viharusi kwa jumla yake.

Ila Mpwani, omena iliyozamishwa kwenye karai la mdogo wangu siku ya tatu, hiyo sijui tuiite nini. Iloweke kwa maji moto, ioshe mchanga, ikaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka ianze kunukia, ndipo utie nyanya, kitunguu, ndimu na kijiko kimoja cha mafuta mapya. Parachichi kando. La shilingi ishirini linatosha.

---

Shosho wa Kayole · saa 8:00 mchana

Omena ya ndimu nilikuwa naipika kabla hamjazaliwa.

---

Konda wa Thika Road · Jumatano, saa 12:40 jioni

Wadau, leo nimepita duka la dawa nikapimwa. Sikuwa nimekula chochote, sikuwa nimegombana na mtu. 152/96. Yule dada alinitazama akapima tena: 150/94. Ameniambia nirudi. Nimeogopa kidogo, sitadanganya.

---

Nesi Zamu ya Usiku · saa 12:58 jioni

Usiogope, lakini usilipuuze. Nenda zahanati iliyo karibu, upimwe siku mbili tatu tofauti. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara, kojoa kwanza, kaa dakika tano mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee. Mkanda uwe saizi ya mkono wako, ukibana mno unadanganya juu.

---

Mwalimu wa Zamu · saa 1:20 usiku

Na wakikuandikia dawa, meza kama ulivyoelekezwa. Kwa 152, kubadili mafuta ni msaidizi wa dawa, si badala yake. Nyingine katika dawa hizo zinafanya kazi kwenye mambo haya haya tuliyokuwa tukiyazungumza tangu Jumapili: kuna zinazozuia kalsiamu isiingie msulini, kuna zinazotuliza ujumbe wa neva kwenye moyo. Ukipata jina la dawa yako, niulize hapa nikueleze inashika wapi.

---

Konda wa Thika Road · saa 1:31 usiku

Sawa Mwalimu. Alhamisi asubuhi nitakuwa zahanati kabla ya zamu. Chips nimeacha kwa wiki hii, njaa inaniua.

---

Mwenye Karai Umoja · saa 1:45 usiku

Konda, shukia Umoja. Nimeanza kuuza viazi vya kuchemsha na kachumbari ya pilipili. Wateja wawili mpaka sasa, mmoja ni dada yangu na hajalipa.